Bangili za Mama na Nchi ya Wabangubangu

Mjukuu wangu anajifunza Kiingereza siku hizi, kama vijana wengi wanaotaka kwenda kutafuta maisha upande wa mashariki. Juzi alikaa karibu yangu na kamusi yake, mimi nachambua sombe, yale majani ya mihogo, akawa anasoma maneno kwa sauti ili yamkae kichwani. Akafika mahali akacheka. "Bibi, sikia hii. Waingereza wanaita bangili bangle. Wameandika hapa kama walilitoa kwa Wahindi. Wahindi walikuwa wanasema bangri, ni pete ya mukono ya kioo."

Akaenda kwenye neno jingine. Mimi nilibaki palepale, majani yamenikaa mkononi. Jambo lile nililijua kabla sijamaliza kung'oa meno ya utoto. Niliambiwa ndani ya duka, na mwanamke aliyevaa bangili kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, na siku hiyo nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Sisi wa rika hili tunaikumbuka Kasongo ya wakati wa Wabelgiji kwa namna mbalimbali. Wengine wanakumbuka kiboko, wengine shule ya misheni. Mimi nakumbuka zaidi harufu ya pamba. Watu waliileta kutoka vijijini vichwani, kwa sababu walilazimishwa kuilima, na kamiyo, yale malori ya pamba, zilipita mbele ya duka la Muhindi zimejaa magunia. Vumbi lake jeupe lilishuka juu ya kila kitu, mpaka juu ya kofia ya baba. Baba alikuwa fundi wa kushona. Mashini ilikuwa yake mwenyewe, lakini baraza lilikuwa la Muhindi: mtu alinunua kitambaa ndani, akatoka nje, akapimwa na baba. Watu walimwita Fundi Ramazani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na nusu ya maneno aliyokuwa nayo aliyasema na pini mdomoni.

Bangili za mama zilitoka katika duka hilo. Baba alimpa alipomwoa. Zilikuwa za kioo cha kijani, tano kila mkono, na ukiziinua juani zilitupa ukutani alama ndogo za kijani zinazotetemeka. Mama hakuzivua hata alipotwanga. Ndiyo maana mimi nilimjua mama kwa masikio kabla ya macho. Asubuhi, nikiwa bado chini ya shuka, nilijua anapuliza moto, kwa sababu zililia kidogo halafu zikanyamaza. Alipotwanga zilikwenda pamoja na mchi. Aliponisuka zilinigusa sikio, baridi, nami nikasinzia hapohapo kichwa kikiwa magotini pake. Kama aliamka kuninywesha maji, sauti ilinifikia kwanza, na mara nyingi ilinitosha. Kiu iliisha kabla ya kikombe kufika.

Mama aliitwa Mwavita, na kwao ni Kabambare. Alikuwa Mubangubangu, kabila la huko. Sisi upande wa baba tulikuwa watu wa mjini, wa mtaa wa msikiti, na Shangazi Asha, dada mkubwa wa baba tuliyeishi naye, hakumwacha mtu asahau tofauti hiyo. Mama asipokuwepo alimwita "yule Mubangubangu." Mimi sikujua kama hilo ni dharau. Nilisikia Mubangubangu, nikasikia bangili, nikayaunganisha mwenyewe. Nikaamini kuwa Wabangubangu ni watu wa bangili. Kwamba huko Kabambare ndiko zinakotoka, na kila mwanamke wa huko huzaliwa nazo au huvikwa akiwa mchanga kama sisi tunavyotobolewa masikio. Sikumuuliza mtu. Mtoto haulizi jambo ambalo anaona liko wazi.

Halafu kiangazi kimoja akaja mtu kutoka Kabambare kusema kama mama yake mama yuko mgonjwa sana. Mama alifunga nguo zake siku hiyohiyo. Kamiyo iliyoshusha pamba ilikuwa inarudi tupu upande wa Wamaza, njia ya Kabambare, na baba akazungumza na dereva. Nilitaka kwenda naye, nikashika kikwembe chake, nguo aliyojifunga kiunoni, naye akanitoa vidole kimoja kimoja, polepole. Alisema mahali pa ugonjwa si pa mtoto. "Nitarudi mbele ya mvua kuanza," akaniambia. Alipanda nyuma, akasimama ameshika ubao, na kamiyo ilipoondoka niliona mkono wake juu lakini sauti sikuisikia, kwa sababu ya mtambo.

Mvua ilikuja. Ikanyesha mpaka njia ya soko ikawa matope, ikakatika, ikaja nyingine. Mama hakurudi. Nilipomuuliza baba alisema Mama bado ana kazi. Nilipomuuliza Shangazi alisema mtu akirudi kwa Wabangubangu, mambo yake wanayajua Wabangubangu. Niliona baba anashona mpaka giza linaingia na hataki kuja kula. Niliona pia kwamba watu wa mtaa walipomtaja mama walishusha sauti nikipita. Zaidi ya hayo sikuona kitu.

Hofu yangu haikuwa kwamba mama amenitupa. Hofu yangu ilikuwa nyingine, na sikumwambia mtu. Niliwaza: kule kwao wanawake wote wana bangili, wote wanatwanga, wote wanapuliza moto, nchi nzima inalia. Siku nikienda kumtafuta, nitamjuaje mama? Wazo hilo lilinikosesha usingizi. Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea pembeni, kama kitambaa kinachofifia, na sauti ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Kwa hiyo nikaanza kujizoeza. Mke wa Muhindi aliitwa Bibi Kamla. Alikuwa mnene kidogo, mpole, hana mtoto, na mikono yake ilijaa bangili nyekundu na za dhahabu-dhahabu. Nilikuwa naingia dukani, naketi sakafuni kati ya marobota ya kitambaa, nafumba macho. Alipokunjua kitambaa nilisikiliza. Nilijitahidi kutofautisha mkono wa kulia na wa kushoto. Nilisema moyoni, nikizijua hizi vizuri, nitajua zipi si zake.

Siku moja aliniuliza nafanya nini pale chini kama mtu anayesali. Nikamwambia yote. Alikuwa na Kiswahili chake cha kujifunzia dukani, lakini alielewa. Akaketi sakafuni mbele yangu, akanipa mkono wake niushike.

"Mutoto wangu," alisema, "bangili si ya Kabambare. Ni neno ya kwetu, Uhindi. Sisi tunasema bangri. Kioo, rangi, mukono. Wangereza walikuja kwetu, walisikia wanawake wanasema bangri, wakachukua neno, wakasema bangle. Watu wa pwani nao walichukua, wakasema bangili, wakaleta huku na misafara. Kabambare hakuna. Mama yako alipata yake hapa, kwa hii kabati."

Alidhani ananipa habari njema: kwamba huko mama ni mmoja tu, nitamjua. Lakini mimi niliona nchi nzima inaondoka. Ile nchi nilikuwa nimeijenga kila siku, na mama nilikuwa nimemweka ndani yake, katikati ya sauti yote ile, akiwa na watu wa kwao wenye mikono kama yake. Sasa Bibi Kamla alikuwa amesema hakuna. Kama hakuna, basi mama yuko wapi? Nikalia, akanibeba mpaka nje kwa baba, na baba akatoa pini mdomoni, akauliza nimefanywa nini. Bibi Kamla akamweleza. Baba aliniangalia, kisha akaangalia mashini yake. Gurudumu halikuzunguka tena siku hiyo.

Haukupita muda mrefu Muhindi akashikwa na homa. Dokta alikuja mara mbili, mara ya tatu ikawa ni kuja kuthibitisha. Duka lilifungwa, na baba na wanaume wengine walikwenda kusaidia. Mimi nilikwenda kwa sababu siku hiyo Shangazi hakuwepo na hakukuwa na wa kuniacha naye, na kwa hiyo niliona. Wanaume walipokwisha kumwondoa nyumbani, Bibi Kamla alitoka kwenye ngazi ya nyuma, ile ya mawe. Alikuwa peke yake. Kule kwao, nilikuja kuambiwa, wanawake wenzake wangekuwepo, lakini Kasongo nzima alikuwa hana mwenzake. Akapiga mikono yake kwenye jiwe. Mmoja, halafu mwingine. Vioo vyekundu vilirukia mpaka miguuni pangu. Hakulia. Alipiga mpaka mikono ikabaki mitupu, ina damu kidogo, halafu akaniona.

Nikamuuliza kwa nini amezivunja. Akasema, "Mume akikufa, mwanamuke wa kwetu havai tena." Akasema hivyo tu, akaanza kuokota vipande ili nisikanyage.

Ndugu za mume wake walikuja kutoka Usumbura kumchukua. Duka likawa la kuuzwa, na baba akaambiwa atafute baraza jingine. Siku ya kuagana Bibi Kamla alimfuata pale alipokuwa anafunga mashini kwa kamba. Nilikuwepo, nimeshika mkasi. Alimwambia, "Fundi, mimi wangu amekufa. Wako iko hai. Unangoja nini?"

Baba alijibu kama mtu aliyeulizwa na mwalimu. Alisema atakwenda. Shangazi alipopata habari aliongea sana usiku huo, na baba alimwachia aongee. Kesho yake alikwenda teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, kuomba karatasi ya kutoka, kwa maana wakati ule mwanamume hakutoka wilaya yake bila karatasi. Aliipata baada ya siku nne.

Tulipanda kamiyo mpaka Wamaza. Kutoka pale tukatembea, siku mbili, baba ameniweka mabegani nilipochoka. Njiani aliongea nami kuliko miaka yote iliyotangulia. Alinitajia majina ya vijito. Alinunua mahindi ya kuchoma tukala tumekaa kwenye jiwe. Kila tulipokutana na wanawake njiani niliangalia mikono yao, nikaona ni kweli, hakuna. Wengine walikuwa na waya wa shaba, wengine hawana kitu. Bibi Kamla hakunidanganya.

Tulifika kijijini kwao mama, karibu na Kabambare, jua likiwa linaelekea kushuka. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye dimbwi la kulowekea mihogo, wamebeba vitunga kichwani, maji yanawachuruzika mabegani, na harufu ile kali ya mihogo iliyolowa ikatufikia kabla yao. Baba alisimama kando ya njia. Mimi nikafanya nilichokuwa nimejizoeza: nikafumba macho, nikasikiliza. Nilisikia miguu. Nilisikia mmoja anakohoa, mwingine anasalimia kwa Kibangubangu. Wakapita wote, na sikusikia kitu.

Nilipofumbua macho, mmoja alikuwa amebaki nyuma. Alikuwa mwembamba, nywele fupi kama za mvulana. Alituangalia bila kushusha kitunga. Niliangalia mikono yake kabla ya uso, ilikuwa mitupu mpaka begani, nikajificha nyuma ya baba kwa sababu sikumjua. Mpaka leo, katika mambo yote ya maisha yangu, hilo ndilo ninalotamani kulirudia ili nilifanye vingine: kwamba mama yangu alisimama mbele yangu, nami nikajificha.

Ndipo akashusha kitunga, akasema "Mwanangu," nami nikamjua kwa jinsi alivyolivuta neno lile. Lakini sikumkimbilia. Nilikuwa naangalia mikono, na nilikuwa nimekwisha kuelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikatoka nyuma ya baba, nikamshika baba suruali ili mama amwone vizuri.

"Mama," nikasema, "baba hajakufa."

Wanawake waliotangulia walikuwa wamesimama. Mama aliuliza ni nani amesema baba amekufa. Nikamweleza kuhusu Bibi Kamla, jiwe la ngazi, na vioo. Nikamwambia kama mtu alimletea habari ya kifo, alimdanganya, baba ni huyu hapa, amenibeba toka Wamaza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa chini, palepale njiani, akajifunika uso na kikwembe kilicholowa, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia ama anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Baba alikuja akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa sijawahi kumwona baba amechuchumaa mbele ya mtu.

"Mwavita, nilikosa," akasema. "Nilikutumia neno kama wazungu wamenikatalia karatasi. Sikuiomba. Niliona haya kuja kumzika mama yako na mikono mitupu. Nikasema nitakuja kesho, na kesho ikawa mbali."

Kwa njia hiyo nilijua yale ambayo mtaa wote wa Kasongo ulikuwa unashushia sauti. Bibi yangu alikufa kabla mvua haijaanza, habari ikaletwa kwa baba, na baba, ambaye alikuwa mkwe wake wa pekee, hakwenda. Kwetu hilo si kosa dogo. Mkwe asiyekuja kuzika amesema kitu, hata kama hakufungua mdomo. Mama naye aliapa hatarudi Kasongo mpaka baba aje mwenyewe kwa miguu yake. Mmoja alingoja huku, mwingine akangoja kule, na mimi katikati nasikiliza bangili za mtu mwingine.

Mama alifunua uso. Alinigeukia mimi, akanishika mikono, akasema bangili ziko na bibi, mama yake. Aliniambia kwamba bibi alizipenda tangu siku alipomwona mama nazo. Katika ugonjwa wake alikuwa anaziomba azishike, azisikie. Siku alipokufa, mama alizivua zote kumi, akamvalisha, akazikwa nazo. "Hakuwahi kuvaa kitu kizuri maisha yake yote," alisema. "Nikaona, heri aende hivyo."

Baba alilala kwa jirani usiku huo, si kwetu. Alfajiri aliazima jembe, akaenda peke yake kaburini. Alilima nyasi, akasawazisha udongo, akaweka mawe kuzunguka, na hakurudi mpaka mchana, shati limemganda mgongoni. Mama alikuwa anamtazama toka mlangoni muda wote huo huku akijifanya anapepeta. Aliporudi mama alimpa chakula, bukari, ule ugali wa mihogo, na samaki, akasubiri ale. Baba akauliza wataondoka lini.

Mama akasema hataondoka. Aliongea bila hasira. Shamba la mama yake liko hapa, nyumba iko hapa, na kaburi halina mtu mwingine wa kulitunza. "Nilikungoja hapa," akamwambia. "Ukitaka kuishi na mimi, kuja hapa."

Baba aliondoka kesho yake kwenda Kasongo, kuomba karatasi nyingine, ile ya kuhama kabisa, na kuleta mashini. Niliachwa na mama. Ndipo nikajifunza kumjua upya. Hakuvaa bangili tena maisha yake yote, wala hakutaka kununuliwa. Nilimjua kwa kikohozi kidogo cha asubuhi, kwa harufu ya mihogo iliyolowa isiyotoka mikononi, kwa jinsi alivyokuwa anaburuta mguu wa kushoto akichoka. Nilipata mama, nikapoteza ile sauti, na kwa siri niliililia sana sauti, na niliona haya kuilia wakati mwenyewe yuko pembeni yangu.

Na sasa niliyemtamani alikuwa baba. Mwezi ulipita, ukapita mwingine. Teritware hawakuwa na haraka na mtu. Mtu mmoja aliyetoka Wamaza alisema hajamwona. Mwingine alisema amesikia fundi wa Kasongo amepata baraza jingine zuri kwenye duka la Mgiriki mmoja. Mama alisikia habari hiyo, akaendelea kumenya. Hakusema hata mara moja kwamba anangoja. Lakini kila jioni alipopika alitia chunguni unga uliozidi matumbo yetu mawili, na kila asubuhi tulikula kiporo.

Baba alikuja mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Tulikuwa shambani, na tuliwaona wanaume wawili wanakuja njiani wamebeba mti mabegani, na katikati ya mti kitu kizito kimening'inia, kimefungwa blanketi. Aliyekuwa mbele alikuwa baba. Kitu kile kilikuwa mashini. Alikuwa ameibeba toka Wamaza, na begani alikuwa amechubuka mpaka nyama ikaonekana. Nilitupa jembe nikakimbia. Safari hii nilimjua tangu mbali.

Mama hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini, na alipofika baba alikuwa ameshusha mzigo, anashindwa kunyoosha mgongo.

"Umechelewa," mama akasema.

"Nimechelewa," baba akajibu.

Mama akachukua kibuyu cha maji tuliyokuja nayo ya kunywa, akamwinamia, akaanza kumnawisha mikono.